Karatasi ya Alama Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mashine imesimama! Imechukua siku mbili kuipitisha mlangoni, na fremu ya mlango ilibidi itolewe, lakini imesimama. Ni mashine ya kuchonga chuma, mtumba, kutoka chuo cha ufundi kilichofungwa. Rangi ya kijani. Kilo mia tatu na ishirini. Wenzangu wakistaafu hununua viwanja. Mimi, baada ya miaka thelathini na moja ya kukagua mizani za watu, nimenunua usahihi.

Nitachonga nini, bado sijaamua. Kwanza usahihi, kazi baadaye.

Nimeiweka katika chumba cha mashariki, ambacho kuanzia leo kinaitwa karakana. Kilikuwa chumba cha mama mkwe. Amehamia chumba cha nyuma bila ugomvi. Alisema tu kwamba kule nyuma jua halifiki. Nilimweleza kwamba mashine inahitaji mwanga. Akasema hata yeye. Sasa kila asubuhi huleta kiti chake, huketi mlangoni mwa karakana, miguu ndani mwili nje, mpaka jua lipite. Sijamkataza. Mkwe ni mkwe.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuja na watu wake wanne kuinua. Amekuwa mkereza vyuma tangu ndevu zake za kwanza, na ana karakana yake. Aliizunguka mashine mara mbili, akaisukuma nguzo yake, ule mwili wa chuma unaobeba kisu, kwa kidole kimoja, akasema mashine ndani ya nyumba ya watu haitachonga hata sabuni. Watu wake wakacheka. Akaniita Bwana Mizani, jina nililopewa na wenye maduka, ambalo silipendi.

Nikamwambia aje Jumamosi saa tatu asubuhi, na kipimo chake mwenyewe. Tukakubaliana mbele ya mama mkwe. Nguzo ikiwa imesimama sawa, isizidi alama mbili, ataniletea kazi za karakana yake. Ikizidi, mashine inahamia kwake na mama mkwe anarudi kwenye jua lake.

Mama mkwe aliuliza alama ni nini. Nikamwambia ni milimita moja ukiikata mara mia. Akasema basi aanze kufunga godoro.

Jambo jingine. Mke wangu amepata barua. Amekubaliwa chuoni, mwaka mzima, kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji. Nafasi hii aliwahi kuipata mara mbili, hakwenda. Mara ya kwanza alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Mara ya pili mama yangu aliugua, akabaki kumuuguza mpaka mwisho. Hii ni ya tatu, na kwa umri wake hakuna ya nne. Anatakiwa chuoni Jumatatu ijayo, na barua yenyewe mkononi. Nakala haikubaliwi.

Aliishika kwa mikono miwili. Nilimpongeza. Aliniambia pia anaiweka wapi, lakini nilikuwa nahesabu bolti.

Bolti ni nne.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Kipimo cha kwanza. Utaratibu ni huu: saa ya kupimia inafungwa kwenye mhimili, pale panapokaa kisu. Ncha yake inagusa meza ya mashine. Unazungusha mhimili taratibu: mbele, kulia, nyuma, kushoto. Mashine ikiwa imesimama sawa, mshale unatulia.

Mshale wangu ulicheza kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Alama arobaini! Nikaketi. Nikaona maisha yangu yote ya kustaafu yameinama. Kisha nikaona punje ya mchanga juu ya meza. Nikaifuta. Alama kumi na mbili.

Kulia na kushoto, sifuri. Mbele na nyuma, kumi na mbili. Nguzo inainama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Dawa inajulikana. Legeza bolti, nyanyua ukingo wa mbele wa mguu wa nguzo kwa mtaimbo, chomeka kipande chenye unene wa alama kumi na mbili, kaza. Mafundi hutumia bati jembamba la shaba. Shemeji analo, visanduku kwa visanduku. Lakini kumwomba anayekukagua ni kushindwa kabla ya mchezo.

Nikampigia simu, eti namuulizia rafiki yangu. Alisema huyo rafiki aende kwake mchana kweupe, asiogope, atakatiwa bati. Akaongeza kwamba huyo rafiki asije akathubutu kuweka karatasi. Karatasi hunywa mafuta, ikilowa hubonyea, na fundi wa karatasi utamjua kwa nguzo yake. Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu.

Karatasi! Sikuwa nimefikiria karatasi.


Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku ya kupima nyumba. Nilichukua maikromita, kalamu na daftari, nikaanza sebuleni.

Gazeti, alama saba, tena linakwaruzika. Daftari la shule la kitinda mimba, nane. Karatasi ya shajara hii, tisa, na ndiyo maana ukurasa wa tarehe mbili una tundu. Kalenda ya ukutani, kumi na tano. Pakiti ya chai, kumi na mbili upande mmoja, kumi na nne upande wa pili. Uzembe wa kiwanda. Kadi ya kliniki ya mama mkwe, thelathini na moja. Alinitazama nikiipima, akanyoosha mkono. Nikairudisha.

Saa nane mchana, kabati la chumbani kwetu, droo ya pili, chini ya mashuka. Karatasi moja. Rangi ya maziwa, nzito, imekunjwa mara moja tu. Nikaibana. Kumi na mbili. Nikapima pembe zote nne, na katikati. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili! Nikaziandika zote daftarini. Katika nyumba nzima, kitu kimoja tu kimetengenezwa na watu wanaojali kazi yao.

Ilikuwa na maandishi. Sikuyasoma. Kusoma barua ya mtu mwingine ni utovu wa adabu. Niliigeuza upande mweupe juu, nikaendelea.

Sikuikata. Mimi si mharibifu. Nilitoboa matundu mawili tu, ya bolti mbili za mbele. Nusu moja nikaichomeka chini ya mguu wa nguzo, nusu iliyobaki nikaikunja vizuri chini ya trei ya mafuta. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikazungusha mhimili.

Mbele, sifuri. Kulia, sifuri. Nyuma, sifuri. Kushoto, sifuri.

Nikakaa juu ya ndoo. Katika miaka thelathini na moja sijaona mshale uliotulia namna ile. Nikamwita mama mkwe aje ashuhudie. Aliutazama mshale. Kisha akatazama chini, kwenye mguu wa nguzo, kwa muda mrefu. Nikamuuliza anaonaje. Akasema macho yake si yale ya zamani, akaondoka.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mke wangu alirudi kutoka zamu ya asubuhi hospitalini akaingia chumbani kupanga mkoba wa safari. Nikasikia droo inafunguliwa. Ikafungwa. Ikafunguliwa tena. Kisha mashuka yote yakawekwa kitandani, moja moja, yakikung'utwa.

Aliniuliza kama nimeona barua yake ya chuo. Nikamuuliza, kwa utulivu wa kikazi, inafananaje. Akasema ina rangi ya maziwa. Nzito kidogo. Imekunjwa mara moja.

Nikamuuliza aliiweka droo gani. Akasema aliniambia tangu Jumatatu, nami nikaitikia.

Nilikwenda karakana nikafunga mlango. Nikapiga magoti. Nikavuta ile nusu iliyokuwa chini ya trei nikaisoma kwa mara ya kwanza. Juu kuna jina la chuo na mhuri wa bluu. Kisha jina lake, yote matatu. Kisha: "Tunafurahi kukujulisha kwamba". Hapo sentensi inaingia chini ya nguzo.

Nimefikiri kwa saa nzima, nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na nimefikia uamuzi. Barua haijapotea. Iko kazini. Shemeji anakuja Jumamosi saa tatu. Mke wangu anaondoka Jumatatu alfajiri. Kati ya saa nne ya Jumamosi na saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu kuna saa arobaini na tatu. Kuitoa barua ni dakika ishirini. Jumapili mchana nitaikuta nyuma ya kabati, na nitafurahi kuliko wote. Nimefanya mazoezi ya kufurahi mbele ya kioo. Inapendeza nikiinua mkono mmoja.

Kumwambia leo kunavuruga kila kitu. Atataka nifungue nguzo. Nikiifungua, Jumamosi nina alama kumi na mbili na Shemeji ana mashine.

Kinachonisumbua ni uso wake tu, alipokuwa anakung'uta yale mashuka. Sina chombo cha kuupima.

Mshale: sifuri. Labda nusu alama. Ni macho.


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Upekuzi unahitaji utaratibu, nami ndiye mwenye utaratibu. Nilichora ramani ya nyumba, nikaigawa miraba ishirini na nne, nikaipa namba. Kila mraba unaomalizika unatiwa alama na sahihi yangu. Mke wangu aliomba ruhusa kazini. Alipekua kama anavyomuosha mgonjwa, hakuruka mahali. Kila mraba aliniambia asante kwa kumsaidia. Niliandika saa ya kila mraba, ili nisimtazame.

Karakana ni mraba wa kumi na nne. Niliutia sahihi nikiwa mlangoni. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake, aliuliza mraba ule umepekuliwa lini. Nikasema mapema. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia nguo zilishakaguliwa, mraba wa tisa.

Saa saba mchana miraba yote ilikuwa imemalizika. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, vumbi kwenye nyusi. Alikuwa anatazama mkoba wa safari uliofungwa nusu.

"Labda si fungu langu," alisema.

Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama mraba wa ishirini ulifagiliwa.

Kisha simu kutoka hospitalini. Muuguzi Mkuu anafunga orodha kesho saa sita kamili. Kila anayekwenda chuoni apeleke barua yake mwenyewe igongwe mhuri. Asiyefika, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na anayefuata ameshanunua viatu.

Kesho! Mpango wangu ulikuwa wa Jumapili. Ilibidi nirudi kwenye hesabu. Shemeji anafika saa tatu. Kupima ni dakika tano. Saa tatu na nusu nitakuwa nimebaki peke yangu karakana, kabla ya saa nne barua iko mkononi mwa mke wangu, na hospitali ni dakika arobaini kwa pikipiki. Inatosha na kubaki.

Tena kesho ni bora kuliko Jumapili. Furaha ya dakika za mwisho ina uzito zaidi.

Mshale jioni: moja. Chumba kina joto.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Saa tatu kamili, Shemeji hayupo. Saa tatu na nusu, hayupo. Mke wangu alikuwa ameshavaa sare nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata kidole. Alikuwa sebuleni anamngoja kaka yake ampeleke kwa pikipiki. Alisema ataomba kwa mdomo, maana mdomo ndio uliobaki.

Saa nne na nusu Shemeji akafika, kipimo chake kimezungushiwa kitambaa kama jino la dhahabu. Dada yake akamwambia wana haraka. Akasema dakika tano tu, Bwana Mizani asije akasema amekimbiwa. Nikamwambia aanze mara moja. Akasema hapimi akiwa na jasho. Akanawa mikono. Akanywa maji. Akaifuta meza ya mashine kwa kitambaa, akaifuta tena kwa kiganja, akakitazama kiganja. Akamuuliza mama yake hali ya magoti. Mama mkwe, ambaye swali hilo hulijibu kwa neno moja, leo alijibu goti kwa goti.

Saa nne na dakika hamsini akazungusha mhimili. Mbele, sifuri. Kulia, sifuri. Nyuma, tano.

Akarudia. Tano.

Asubuhi sikuwa nimepima, kwa kumheshimu mkaguzi.

Shemeji akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mguu wa nguzo, akakinusa.

"Yule rafiki yako," alisema, "ameweka karatasi."

Nikasema ni kipande maalumu. Akauliza maalumu kwa nani. Hapo mama mkwe akamwita mke wangu kutoka sebuleni. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayeomba aletewe sindano.

"Mwanangu, barua yako ina mhuri wa bluu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi njoo uchukue nusu yake. Hiyo nusu nyingine muulize mumeo."

Mke wangu aliingia. Akainama. Akaona pembe ya rangi ya maziwa iliyochungulia chini ya trei, na mhuri. Alibaki ameinama. Nilidhani atalia, nikaandaa maneno. Hakulia. Alisimama, akaniuliza jambo moja.

"Uliipima?"

"Alama kumi na mbili," nikasema. "Pembe zote nne."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa joto la mgonjwa akalikuta lilelile alilolitarajia.

"Toa."

Bolti za mbele zilikataa, kwa sababu nilizikaza mwenyewe na mimi sikazi ovyo. Spana iliteleza mara tatu. Shemeji alishika mtaimbo, mimi spana, mke wangu akapiga magoti na sare yake nyeupe kwenye vumbi la chuma, mkono umenyooshwa tayari, kama ninavyodhani watamfundisha huko chuoni. Shemeji alisema legeza, na tena, na tena. Nguzo ikanyanyuka unywele. Mke wangu akavuta. Barua ikatoka nzima, na matundu mawili ya bolti, na alama ya mguu wa nguzo kwa mafuta, safi kabisa, mistari yake imenyooka.

Saa tano na dakika kumi na nane. Pikipiki iliondoka bila mtu kuniaga.

Nilibaki na mama mkwe. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kama alijua tangu Jumatano. Akasema Jumatano aliona karatasi tu, Alhamisi ndipo alipojua ni karatasi gani, na tangu hapo alikuwa ananingoja mimi. Alinipa mpaka saa tano ya leo, nami nilikuwa nimebakiza dakika chache. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwangu imempitisha binti yake miraba ishirini na nne kwa magoti.

Nilizipanga spana kwa ukubwa. Nilizipanga tena. Kila pikipiki iliyopita nje niliihesabu. Zilikuwa kumi na saba.

Walirudi saa saba. Niliyapata matokeo kupitia ukutani, mke wangu akimsimulia mama yake. Walifika saa sita kasoro dakika nne. Muuguzi Mkuu aliinua barua dirishani, akamtazama mke wangu kupitia tundu moja, akauliza ni faili gani hilo linalotoboa matundu makubwa namna hii. Mke wangu akamjibu kwamba ni faili la mume wake. Muuguzi Mkuu akasema hata wa kwake anafuga njiwa, akagonga mhuri pembeni ya mafuta.

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikamsikia mke wangu analia, sasa, wakati kila kitu kimeshakuwa sawa. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa nimeshika kitasa. Kitasa kimelegea, kinahitaji kukazwa.

Mimi aliniambia chakula kiko chini ya sahani.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimepitia matukio ya jana kwa haki, bila upendeleo. Chombo kilifunguliwa katikati ya ukaguzi. Ukaguzi uliokatizwa si ukaguzi. Kwa miaka thelathini na moja hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, haiwezi kubadilika kwa sababu sasa mkaguliwa ni mimi. Nilimpigia Shemeji kumjulisha kwamba kipimo cha jana ni batili na kirudiwe Jumamosi ijayo. Akasema sawa, Bwana Mizani, lakini mama arudi kwenye jua lake kwa namna yoyote kabla ya mwezi kwisha. Nikasema hilo litategemea mshale.

Mchana akatuma mtu na bahasha. Ndani yake, ukanda wa bati la shaba. Nimeupima. Alama kumi na mbili kamili, matundu yamekatwa, kingo zimepigwa tupa zisikate mkono. Na kikaratasi: "Kwa rafiki yako."

Kazi nzuri. Siwezi kukataa. Lakini mkaguliwa anayepokea kitu kutoka kwa mkaguzi wake amekula rushwa, hata kama ni shaba. Nimeifunga bahasha nikaiweka juu ya kabati.

Jioni nilimwomba mke wangu msamaha. Nilikuwa nimeuandika, vipengele vitano. Aliendelea kukunja nguo. Nilipofika kipengele cha tatu akanishika mkono uliokuwa na karatasi, akaushusha.

"Karatasi zangu usiziguse tena," alisema. "Nyingine zote, shauri yako."

Nikaapa. Naandika hapa kwa ushahidi: karatasi zake, kamwe.


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Ameondoka. Nilimbebea mkoba mpaka kituoni. Barua ilikuwa kifuani mwake, ndani ya mfuko wa plastiki. Alininyooshea kola akasema nisisahau kumpatia mama yake dawa za jioni, na kwamba chuoni wageni wanaruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Sikujua kama ananialika au ananipa taarifa. Basi lilipokata kona, alikuwa bado anapunga. Nilipunga mpaka mtu mwingine akadhani nampungia yeye.

Nyumba ni kubwa. Niliingia karakana. Nguzo imeinama mbele, alama kumi na mbili, inasikiliza.

Nilichojifunza wiki hii nakiandika wazi, maana mtu asiyejifunza ni kama mizani yenye kutu. Kosa lilikuwa mafuta. Mguu wa nguzo haukufutwa, karatasi ikanywa, ikabonyea. Safari hii nimefuta kwa petroli, nikakausha, nikapaka nta ya mshumaa pande zote mbili za karatasi.

Karatasi niliipata katika sanduku la chuma, mvunguni mwa kitanda. Cheti cha ndoa. Karatasi ya enzi zile, wakati watu walikuwa bado wanatengeneza karatasi. Kumi na mbili, pembe zote nne.

Nilisita. Sifichi kwamba nilisita. Lakini si karatasi yake. Ni yetu. Nusu yake ni yangu, na nimehakikisha kwamba iliyo chini ya nguzo ni ile nusu yenye jina langu. Tena kwa miaka ishirini na sita imelala sandukuni bila kuulizwa na mtu yeyote.

Mbele, sifuri. Kulia, sifuri. Nyuma, sifuri. Kushoto, sifuri!


Jumatano, tarehe 13 Machi

Siku ya pili, mshale haujasogea. Nta ndiyo siri.

Mke wangu alipiga simu saa tisa alasiri. Sauti yake imebadilika, ni kama ya yule niliyemwoa. Leo walimruhusu kusimama ndani ya chumba cha upasuaji, nyuma kabisa, na aliruhusiwa kuhesabu mikasi. Alihesabu mara mbili. Alisema alinikumbuka. Wanafunzi wenzake wameshaiona barua na wanamwita Mama Matundu, naye haoni vibaya.

Kisha akasema angependa nije Jumapili ile ya kwanza ya mwezi. Kuna bustani, na kuna benchi. Ila mlezi wa bweni ni mkali. Mwanaume haingii getini mpaka ijulikane ni mume wa mtu. Kwa hiyo nimtumie cheti cha ndoa, chenyewe, si nakala, kabla ya Ijumaa, siku anayofunga orodha ya wageni. Nikimtumia kwa basi la Alhamisi asubuhi kitafika. Kiko katika sanduku la chuma, alisema, chini ya kitanda. Nakijua?

Nikasema nakijua. Nikasema nitakitafuta.

Akauliza kwa nini nikitafute.

Nikasema ni namna ya kusema tu.

Shemeji anakuja Jumamosi saa tatu. Nimepiga hesabu mara nne, na mara zote inatoka ileile. Basi moja tu, siku mbili mapema mno. Lakini mlezi wa bweni ni mtu, na mtu akielezwa vizuri anaweza kungoja mpaka wiki ijayo. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba juhudi zimefanyika. Nimeitoa ile ramani ya nyumba. Nimefuta sahihi za Ijumaa iliyopita, miraba yote ishirini na nne. Nitaanza na jikoni.

Saa kumi jioni. Jua limeshahama upande wa mashariki tangu asubuhi. Mama mkwe amebeba kiti chake mwenyewe, amekiweka mlangoni mwa karakana, ameketi, na anatazama saa ya ukutani.